Upande wa Yustasi

Mimi si mtu wa kushukuru haraka. Waulize watu wa Kaisho, watakwambia Kobugabe ana ulimi wa kumenya ndizi bila kisu. Basi nikisema kuna mtu ninayemshukuru mpaka leo, nikilala na nikiamka, ujue sisemi kwa adabu tu. Mtu huyo ni Fundi Shaaban, mshona nguo wa pale madukani Kaisho, ambaye maishani mwake hakuwahi kumshika ng'ombe hata mkia.

Mwaka ule wa hamsini na mbili nilikuwa na shida moja tu, lakini ilinijaa kifua kizima. Mwanangu Kemilembe, mwenye miaka minne, alikuwa kwa baba yake, na mimi nilikuwa nimefukuzwa. Mume wangu Yustasi alinitoa nyumbani asubuhi moja mbele ya mama yake, akamshika mtoto mkono, akaniambia nikimtaka nimfuate barazani. Tulikuwa tumebatizwa, lakini padri hakuwahi kutufungisha ndoa. Kila mwaka Yustasi alisema mwakani. Tulioana kwa ng'ombe, kwa hiyo tungeachanishwa na wazee wa baraza la gombolola, yaani tarafa yetu. Ng'ombe wa mahari kaka yangu Tumwine alikuwa tayari kuwarudisha hata siku hiyo hiyo, maana alishachoka na kelele zetu. Lakini mtoto, kwa desturi yetu, ni wa ukoo wa baba, na kila niliyemuuliza aliniambia nisahau.

Nisahau! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikuwa nikisikia mtoto wa jirani analia, nasimama.

Tumwine ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Shaaban. Katika baraza zetu mawakili hawakuruhusiwa. Kila mtu alisimama akajisemea. Lakini Fundi alijua kuandika barua ya mashtaka, na watu walisema alijua pia kumwandaa mtu. Baba yake alikuja huku na wafanyabiashara wa kutoka pwani, akaoa, akazeeka, akamwachia mwanawe kibaraza kimoja na Kiswahili kizuri kuliko cha sisi sote. Tulimkuta anashona kanzu, miguu inakanyaga cherehani, mkewe Mwaja anachambua mchele pembeni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ni nguo au ni mume?"

Nikaanza. Nilisema tangu jua la saa nne mpaka kivuli cha paa kikaingia ndani. Nilimwita Yustasi fisi, mlevi, gunia la rubisi, mtoto wa mama yake. Cherehani haikusimama hata mara moja. Nilipoishiwa pumzi, Fundi alikata uzi kwa meno.

"Huo ni upande wako," akasema. "Nimeusikia. Sasa niambie upande wa Yustasi."

"Upande gani? Hana upande!"

"Basi nenda nyumbani ukautafute. Sitaandika hata mstari mpaka uweze kunieleza shauri hili kama angelieleza yeye, mpaka nimwonee huruma."

Nilinyanyuka kwa hasira, nikamwambia Tumwine njiani kwamba yule mzee alikuwa amekula chumvi mpaka imempanda kichwani. Nimhurumie Yustasi! Siku mbili nilikataa kurudi. Siku ya tatu nilisikia kutoka kwa muuza chumvi kwamba Kemilembe ana kikohozi, na anayemwangalia ni bibi yake asiyeona vizuri. Nikarudi Kaisho peke yangu, mguu kwa mguu.

Safari hii nilijitahidi. "Yustasi atasema nina ulimi mkali," nikasema. "Atasema nilichoma kigoda alichorithi kwa baba yake."

"Ulikichoma?"

"Nilikichoma."

"Kiliungua vizuri?"

Mwaja alicheka mpaka mchele ukamwagika. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu nifukuzwe. Lakini Fundi alitikisa kichwa. "Haitoshi. Mtu hamzuilii mkewe mtoto kwa sababu ya kigoda. Kuna neno jingine ambalo Yustasi analo na wewe unalikalia."

Nikasema hakuna. Mwaja akaweka ungo chini. "Mwanangu, mficha uchi hazai," akasema. "Huyu mzee wangu ameshasikia mambo ya watu ambayo hata mimi hanisimulii, na mimi nalala naye kitanda kimoja. Sema."

Nilisema huku nikitazama chini. Kiangazi kilichopita Yustasi alikwenda kwenye harusi. Alisema atarudi jioni. Alikaa siku nne. Mchungaji wetu wa ng'ombe alikuwa amefiwa, kaenda kwao Kamuli. Majirani wote walikuwa wamehamia na mifugo kwenye maji. Nilibaki mimi, mtoto, na ng'ombe. Kulikuwa na mmoja mwekundu ambaye ndama wake alikuwa amekufa wiki moja kabla. Mtoto alikuwa ametoka kuugua na hakuna kilichokaa tumboni mwake isipokuwa maziwa, na maziwa kwenye kibuyu yaliisha siku ya kwanza.

"Siku ya pili," nikasema, "nilimkamua."

Cherehani ilikuwa bado inakwenda. "Ulimkamua nani?"

"Ng'ombe, Fundi! Nilimkamua ng'ombe!"

"Ndiyo, halafu?"

Nilimtazama nisiamini. Kwetu sisi wafugaji, mwanamke anaosha vyombo vya maziwa, anavifukiza moshi, anasukasuka siagi, lakini hashiki kiwele. Akikamua, ng'ombe wanaharibika na nyumba inaharibika. Mama yangu asingenipa mkono kama angejua. Na huyu mzee ananiuliza halafu! Nikamweleza yote, kwamba miezi miwili baadaye, katika ugomvi, mimi mwenyewe nilimtupia Yustasi neno hilo usoni, kwamba mimi ni mwanamume kuliko yeye kwa sababu nilimkamulia ng'ombe wake. Ulimi wangu huo. Na mwezi uliofuata yule mwekundu, ambaye kiwele chake hakikupona tangu siku zile, alikufa. Tangu siku hiyo Yustasi hakula tena chakula changu. Alinifukuza kwa sababu hiyo, na mtoto alimzuia kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo cherehani iliposimama.

"Alimpenda yule ng'ombe?" Fundi akauliza.

"Alimwimbia."

"Basi huo ndio upande wa Yustasi. Ana msiba, na anaamini wewe ndiye uliyemletea." Halafu akauliza swali la mtu asiyejua kitu, na kwa swali hilo namwombea Mungu amlaze pema. "Mimi sijui mambo ya ng'ombe. Asipokamuliwa, na ndama hana, anakuwaje?"

"Kiwele kinavimba. Anaumwa. Anaweza kuoza maziwa ndani, akafa."

"Na siku hizo nne, kwa desturi yenu, nani alipaswa kumkamua?"

Nilikaa pale, mdomo wazi, na Mwaja akaanza kucheka taratibu. Miezi yote ile nilikuwa nimebeba aibu yangu tu, sikuwahi kuinua macho nione ya Yustasi iliyo pembeni yake.

"Usicheke," Fundi akamwambia mkewe, kisha akanigeukia. "Na wewe usiende kulirusha neno hili kama jiwe. Utakwenda kusema kosa lako kwanza, lote, kwa kinywa chako, kabla yake. Usimtukane. Usiongeze. Wazee wale ni wafugaji, wanajua wenyewe cha kuuliza. Ukiwaulizia wewe, watakuona mjeuri, na mtoto utamwona kanisani tu."

Siku hiyo aliandika barua. Ilikuwa fupi, sikuamini kwamba maneno yangu ya siku nzima yametoshea kwenye karatasi moja.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Yustasi naye alipita pale kibarazani, akataka aambiwe nitasema nini barazani. Fundi alimpima suruali, akamwambia airudie Jumanne.

Siku ya baraza palijaa. Watu wa Kaisho hawakosi shauri la mke na mume hata mvua ikinyesha mawe. Mwami wa gombolola, ndiye mkuu wetu, alikaa kwenye kiti, karani mbele yake, wazee watatu pembeni, na katikati yao Protase, mfugaji mzee ambaye watu walisema anaijua mimba ya ng'ombe kwa kusikia anavyotembea. Fundi Shaaban alibaki nje ya uzio na watazamaji wengine. Yustasi alikuwa amevaa suruali mpya. Nilimwona anavyosimama, kifua mbele, nikajua amelileta neno lake amelinoa.

Mimi ndiye niliyeshtaki, kwa hiyo nilianza.

"Waitu, wazee wangu," nikasema, "Yustasi atawaambieni kwamba nina ulimi mkali. Ni kweli. Atasema nilichoma kigoda cha baba yake. Ni kweli, na nilikosa. Atasema pia kwamba nilimkamua ng'ombe wake, na baadaye ng'ombe akafa. Hilo nalo ni kweli. Nilimkamua siku tatu, asubuhi na jioni. Nilimwekea ngozi ya ndama wake ainuse, nikamkamua ndani ya ekyanzi, chombo chetu cha maziwa, nikampa mtoto maziwa."

Palilipuka. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa kanga. Mtu wa nyuma alipiga kelele nitolewe nje. Mzee wa kushoto alitema mate. Nilimtazama Yustasi, na sitasahau: alikuwa amesimama kama mtu aliyekuja kubomoa mlango akaukuta wazi. Ulimi wangu ulianza kuwasha. Niliyajua maneno manne ambayo yangemmaliza palepale. Nikauuma.

Protase akainua mkono, pakawa kimya. Hakuniuliza mimi. "Yustasi," akasema, "ng'ombe huyo alikuwa na ndama?"

"Ndama alikuwa amekufa, mzee wangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na safari."

"Safari ya siku ngapi?"

Yustasi alikohoa. "Nne."

"Ulimwachia nani kiwele?"

Yustasi akainama kuipangusa suruali yake. Protase akasubiri. Wazee wenye ng'ombe wanajua kusubiri. Mwisho akanigeukia, akaniuliza kiwele kilikuwaje siku ya pili, nikamwambia kilikuwa kigumu, cha moto, na ng'ombe alikuwa analia mlangoni kwangu. Yule mzee aliyetema mate akaguna, lakini sasa alikuwa akimtazama Yustasi.

"Mwiko huu tunaujua sote," Protase akasema. "Mwanamke hakamui kwa sababu mwanamume yupo anakamua. Wewe uliondoa mguu wako mmoja ukataka mwiko usimame kwa mguu wa mkeo peke yake. Ng'ombe aliyekaa na maziwa, mwanangu, hauawi na mkono wa mtu. Anauawa na siku alizoachwa."

Kisha mwami, ambaye alikuwa hajasema kitu, akauliza swali moja tu. "Na mtoto, Yustasi? Siku hizo nne ulidhani anakunywa nini?"

Yustasi akaanza kulia. Sikutegemea hilo. Alilia waziwazi, na suruali mpya haina mkono wa kufutia machozi. Nilikuja kwa kumchukia, lakini pale nilimwona vile nilivyokuwa nimemsimulia mwenyewe kwa Fundi, mtu aliyefiwa na ng'ombe aliyemwimbia, na anayejua moyoni ni kwa nini alikufa.

Hukumu ilisomwa alasiri. Ndoa ilivunjwa. Mimi nilitozwa mbuzi kwa kuvunja mwiko, nikamtoa bila kinyongo. Kemilembe atabaki mtoto wa ukoo wa baba yake, ila atalelewa na mimi mpaka awe mkubwa, na baba yake asizuiwe kumwona. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye uzio, nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Fundi Shaaban, mwanamke wa kifugaji mbele ya mshona kanzu, na watu wakaona, na sikujali.

"Inuka, inuka," akasema, amefadhaika. "Bado hujampokea mtoto. Siku ya kumpokea ndiyo shauri lenyewe. Bojo, tafadhali mwanangu, uende na mdomo uliofungwa."

Nilikwenda Ijumaa na Tumwine na tarishi wa mwami. Nitasema kweli: nilikuwa nimeyahifadhi. Matusi yote niliyomeza barazani nilikuwa nayo, nimeyapanga, na njia nzima nilikuwa nachagua la kuanzia. Yustasi alitoka nje na mtoto. Alikuwa amemwogesha mwenyewe, maana sabuni ilikuwa imebaki nyuma ya masikio. Kemilembe alipiga hatua mbili kuja kwangu, akasimama. Akageuka kumtazama baba yake. Akanigeukia tena. Uso wake mdogo ulikuwa unatusoma sote wawili, kuona kelele zitaanzia wapi.

Nikafungua mdomo, na kilichotoka si nilichokipanga. "Umemwogesha vizuri," nikamwambia Yustasi. "Kikohozi kimepona. Nashukuru. Jumapili baada ya misa atakuwa kwa Tumwine, uje umwone."

Tumwine alinitazama kana kwamba nimeota pembe. Yustasi akainamisha kichwa, akasema, "Nitakuja."

Wengine walinirudishia mtoto kwa sheria, na wote nawashukuru, mwami na Protase na hata yule aliyetema mate. Lakini Fundi Shaaban ndiye aliyenirudishia mtoto asiyeogopa. Tulipoanza kushuka kilima, Kemilembe alinipa mkono mmoja. Wa pili alikuwa anampungia baba yake.