Wiki ya Bure

Saa kumi na nusu alasiri, Jumamosi, ujumbe wa benki uliingia kwenye simu ya fundi saa, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Dakika. Aliyeusoma ni binti yake, aliyepita kumletea dawa: fedha zimekatwa, ada ya uanachama ya mwaka mzima.

"Uanachama wa nini, baba?"

Mzee hakuinua uso kutoka kwenye saa ya mkononi iliyokuwa mbele yake, tumbo wazi. "Yale mafunzo ya kwenye simu yalikuwa ya bure. Wiki moja ya majaribio. Na ile programu niliifuta kabla wiki haijaisha, kwa kidole hiki hiki."

"Kuifuta kwenye simu si kujitoa. Makubaliano yamebaki kwa kampuni. Ukiing'oa mishale ya saa, saa husimama?"

"Haisimami," fundi alikiri. "Inaendelea kuhesabu, ila wewe huoni."

Binti alikwisha kumwonya: akilaghaiwa tena mtandaoni, kadi ya benki ataishika yeye. Mzee hakusubiri akumbushwe. Aliitoa mfukoni akaiweka mezani, kati ya bisibisi na vikasha vya skrubu, kwa utaratibu wa mtu anayesalimisha silaha. Binti akaichukua. Bado ilikuwa na joto la kifua cha baba yake.

Wakaifungua akaunti ya ile programu. Kitufe cha kubaki kilikuwa cha kijani, kipana kama mlango wa ghala. Cha kujitoa hakikuonekana, mpaka mzee alipopachika lenzi yake ya kazi jichoni na kuisogeza simu karibu na pua.

"Kipo huku chini, kijivu juu ya kijivu. Aliyekificha ni fundi."

"Fundi wa wizi."

Wakakibonyeza. Wakaulizwa kama wana hakika. Kisha wakatupiwa punguzo la bei.

"Wanabembeleza kama mchumba aliyeachwa," mzee alinong'ona.

Hatimaye jibu likaja: uanachama umesitishwa, ombi la kurudishiwa fedha limepokelewa.

"Ulikuwa unajifunza nini humo?"

"Lugha ya mjukuu."

Mtoto huyo wa binti yake mkubwa alizaliwa ughaibuni. Kila alipopiga simu ya video alimwaga maneno, na babu alitabasamu, akatikisa kichwa, kisha akampa simu mtu mwingine.

"Na umejua nini?"

Mzee akakohoa. Kwa lugha ile ya kigeni, na kwa adabu zote, akauliza kituo cha treni kiko wapi.

Binti aliangua kicheko, na baba naye akacheka.

"Nilitaka nimwambie nimemkumbuka," alisema, akipangusa jicho. "Wiki imekwisha tungali stesheni."

"Lakini baba, mimi lugha hiyo nimeisomea chuo. Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe una haraka, mama. Yule mwalimu wa kwenye programu nikikosea mara kumi, anarudia bila kuguna."

Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba saa yake inachelewa: hakuna lawama, kipimo tu. Tangu aingie, binti alikuwa hajaketi, na funguo za gari zilikuwa bado zinaning'inia kidoleni mwake.

Aliziweka mezani. Akairudisha kadi kwenye mfuko wa shati la baba yake, kisha akavuta kigoda, akakaa. Akaitamka sentensi polepole, neno baada ya neno: nimekukumbuka, mjukuu wangu.

Mzee akaifuata. Akakosea.

Binti akairudia.