Hewa Niliyoipata Peke Yangu

Mume wa dada yangu alinishinda miaka sita mfululizo. Mwaka wa saba, siku ya mwisho ya mashindano, alikuwa ananizidi pointi tisa tu.

"Shemeji, umenenepa," aliniambia asubuhi tukipangusa mbawa. "Leo ndege ya kuvuta itakuacha hapahapa na kamba yako."

"Cheka tu. Jioni utanibebea kombe."

"Nitakubebea tumbo."

Dada, aliyekuwa akifunga tela nyuma ya gari, alicheka mpaka akakaa chini.

Ndege zetu hazina injini. Ukishavutwa juu na kuachiwa, unaishi kwa hewa moto inayopanda kutoka ardhini. Ukiipata, unazunguka ndani yake nayo inakuinua. Ukiikosa, unatafuta shamba la kutua. Kwa hiyo mimi na shemeji tulikuwa na utaratibu wetu: anayepata hewa anamwita mwenzake kwenye redio. Tulishindana, lakini tuliitana. Yeye hakuwahi kuninyima.

Tulipopita kona ya mwisho, sote wawili tulikuwa chini sana. Yeye alikuwa mbele kidogo, juu ya machimbo ya mawe. Mimi nilikuwa nyuma, hanioni. Ndipo kifaa changu cha kupima hewa inayopanda kikaanza ule mlio wake wa harakaharaka. Hewa nzuri, yenye nguvu. Nikainamisha bawa, nikazunguka.

"Shemeji, una chochote huko?" akauliza.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikawaza zile pointi tisa. Nikajiambia nizunguke kwanza mara mbili, niwe na uhakika, halafu niseme.

Nilizunguka mara saba.

"Shemeji?"

Nilipotazama chini tena, ndege yake ilikuwa imelala juu ya mawe, bawa moja limekatika.

Nikaita msaada. Hapo sauti ilitoka vizuri kabisa. Nilipoambiwa gari la wagonjwa limeshaondoka, nikaelekeza pua ya ndege uwanjani, nikamaliza wa kwanza. Watu walipiga makofi, wengine kwa aibu, maana habari ilikuwa imefika.

Dada alikwenda hospitali. Mimi nikaenda na tela machimboni. Nilikuta damu kidogo kwenye mkanda wa kiti, na redio yake bado inaongea, marubani wakiulizana upepo wa uwanjani ukoje. Nikaizima.

Wodini shemeji alikuwa amelazwa chali, shingo imefungwa. Daktari alikuwa ameshasema: uti wa mgongo, miguu haisikii kitu. Dada alikaa kando yake, amepakata viatu vya mumewe.

"Mdogo wangu," akaniambia, "nyinyi si huwa mnaitana? Imekuwaje leo?"

Nikafungua mdomo.

"Aliniita," shemeji akasema, macho darini. "Redio yangu ilikuwa imekufa. Sikumsikia."

Dada akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa baridi. "Basi usijilaumu, baba. Ulifanya ulichoweza."

Shemeji alinitazama mara moja, si kwa hasira. Kisha akafumba macho, akaomba tumwache apumzike.

Tukiwa mlangoni dada alinikumbatia, akanipongeza kwa ushindi. Nikamwambia asante.