Mbabula Niliyoingiza Ndani

Nilikuwa nimeshauacha mtaa wetu wa Mbugangari nyuma, mfuko begani, naelekea Nyamyumba. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tisa. Nyasi za mlimani zilikuwa zikiwaka tangu Jumapili, na moshi umeshuka polepole hadi ziwa na mbingu vikawa kitu kimoja. Watu walipita kama hawana miguu. Jua lilikuwa dogo, jekundu, unalitazama bila kukunja uso.

Nilitembea moyo mwepesi. Dada yangu Cansilde ana pumu, na wiki nzima nilikuwa nikimtayarishia nyumba. Nilifyeka pande zote mpaka udongo ukaonekana, nikajaza madumu ya maji, nikatundika vitenge vilivyolowa madirishani, nikaziba hata chini ya mlango wa nyuma.

"Kaka, unaenda tena?" aliniuliza nilipovaa viatu. "Miguu yako iko na mapepo?"

"Iko na njaa ya barabara. We kaa ndani, usifungue."

Majivu yalikuwa yakiangukia sufuria yake ya maharagwe uani. Basi nikamwingizia ndani, sufuria na mbabula yake, lile jiko la makaa, makaa mekundu mazuri, nikavuta mlango.

Sijafika nusu ya njia nikamkuta mama mmoja, Umurerwa, anachoma mihogo juu ya mbabula kando ya barabara, kitambaa chenye maji puani.

"Mama, majivu itaingia mu chakula. Si uingize ndani?"

Alicheka hadi kitambaa kikaanguka. "Ndani, na mulango umefungwa? Muzee, unataka kuzika bibi yako? Makala ya mbabula haipigi kelele. Inakulaza tu, bon, hauamuki."

Nilipanda baiskeli ya kubeba watu, nirudi upesi kwa Cansilde. Kijana wa watu alikanyaga kwa nguvu, lakini ufuko ulikuwa kama umesimama, mti ule ule, mtumbwi ule ule.

Nilipofungua mlango, Cansilde alikuwa amelala mkekani, anatabasamu. Nilimwita, hakuitika. Nikamburuta nje, ndani ya moshi ule ule niliouzuia usimfikie, nikamfunika uso kwa kitenge kilicholowa. Maji yakamtiririka shingoni. Akakohoa.

"Kaka," akasema, "nilikuwa naota mvua."

Maharagwe yaliungua. Cansilde aliumwa kichwa siku mbili, akapona. Baadaye alihamia Goma kwa binti yake. Umurerwa aliendelea na mihogo yake pale pale. Moto ulizimwa na mvua ya mwezi wa tisa. Mimi nilikaa mpaka mvua hiyo, tukipikia nje, halafu nikaondoka.