Mwanamke wa Chuma Aliyevishwa Soksi

Fundi rangi alikuwa amepaka meli kwa miaka thelathini na moja, na mkewe hakuwahi kuona hata moja ikiwa imekamilika. Ndivyo kazi ilivyo. Meli ikishapendeza huondoka. Inayobaki kwenye chelezo, pale meli zinapotengenezwa, ni ile yenye kutu. Kila fundi alipomwambia mkewe, "Mama, ungeiona ile ya juzi!" mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, "Nitaionea wapi, na imeshafika kwa watu?"

Kwa hiyo manispaa ilipompa sanamu ya kupaka, fundi alikosa usingizi kwa furaha. Ilikuwa sanamu ya mwanamke wa chuma, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, ameketi kwenye ukuta wa bandari, miguu ikining'inia kuelekea majini. Huyu hana nanga ya kung'oa. Mchoro ulisema apakwe buluu, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu.

Lakini mazoea yana taabu. Mtu aliyepaka meli maisha yake yote, mpe chuma kilicho karibu na maji, mkono wake hausubiri ruhusa. Fundi alianzia chini, kama kawaida yake, kwa ile rangi nyekundu ya matumbo ya meli, sehemu inayozama majini. Akapima kwa mpira uliojazwa maji, ule wa kusawazishia, mahali bahari hufika ikijaa kabisa wakati wa bamvua kubwa, akapiga mstari kuzunguka miguu yote miwili, chini kidogo ya magoti. Ndipo akapanda na buluu yake huku akipiga mluzi. Siku jukwaa alilopandia lilipobomolewa, bwana wa manispaa alitazama mchoro, akatazama sanamu, akatazama mchoro tena.

"Fundi, umemvisha soksi!"

Wapita njia hawakukawia kumwita Mama Soksi. Bwana wa manispaa hakucheka. Msanii aliyeibuni angekuja Jumamosi saa tisa; akikataa, sanamu ingekwanguliwa yote na kupewa fundi mwingine.

Jumamosi hiyo fundi alimtoa mkewe nyumbani mapema. "Twende ukaione ingali yangu," alimwambia, kama mzaha, na moyo ukimuuma.

Walipita kando ya maghala. Ukuta wa kwanza ulichorwa samaki wakubwa kuliko milango, na mama akacheka hadi akashika kiuno, maana mmoja alifanana na shemeji yake kabisa, mdomo na kila kitu. Mabenchi yalikuwa yamenakshiwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjika. Mama, ambaye nyumbani hatupi hata kisahani chenye ufa, aliyapapasa kwa heshima. Kisha maghala yakaisha na bandari yote ikawa mbele yao: kreni za njano zikishusha makontena taratibu, kiboti kimoja kikivuta meli kubwa bila haya, na maji yakimeta hadi mama akakinga macho kwa kiganja.

"Kumbe uzuri wote huu uko hapa, nami nakaa jikoni!"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia habari za rangi. Za maji hukuniambia."

Walipofika kwenye sanamu, mama aliinua uso hadi shingo ikakunjika nyuma. Fundi alitaka kumuuliza anaionaje, lakini bwana wa manispaa alikuwa ameshafika na msanii, mwanamke mfupi wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni.

"Nani kapaka?"

Fundi alikuwa na uongo wake tayari: buluu iliisha dukani. Akamtazama mkewe. "Jikaze kisabuni," mama alimnong'oneza.

Fundi akamkabili msanii. "Ni mimi, mama. Nimekosea. Nimezoea meli, mkono ulitangulia, akili ikabaki nyuma."

Msanii alishuka ngazi za ukutani hadi karibu na maji, akachuchumaa, akafumba jicho moja na kuufuata ule mstari kutoka mguu hadi mguu.

"Kwa nini umekomea hapa?"

"Bamvua kubwa likija, maji yanafika hapo."

"Hapo hasa?"

"Hayazidi hata kidole."

Msanii alikaa palepale chini kwenye ngazi, kama mtu aliyechoka ghafla. "Nilimchora mwaka mzima mezani," akasema. "Nikamketisha kando ya bahari. Wewe ndiye uliyemtia miguu majini." Akamgeukia bwana wa manispaa. "Isiguswe. Ikichakaa, aitwe huyuhuyu."

Fundi alishukuru mara tatu, akasahau kuwa ameshashukuru, akashukuru tena. Kisha akamgeukia mkewe, machozi yakimlenga, akamshika mkono.

"Haya, Mama, yamekwisha. Twende nyumbani."

Mama aliutoa mkono wake polepole, akajikalia kwenye benchi, uso kwenye sanamu.

"Tangulia wewe," akasema. "Mimi bado naangalia."