Mstari wa Silikoni

Giaboksi ya Mwalimu ilikuwa mezani, imefunuliwa, na gia ya pili ilikuwa imelika meno hata ungeionea huruma. Mwalimu mwenyewe, mstaafu aliyelidekeza gari lake kuukuu kama kitinda mimba, hakuwa na maneno mengi. Amepata giaboksi nzima ya gari la kisasa, na ikilazimishwa kidogo itaingia. Au waikarabati hii ya zamani, gia kwa gia. Waamue wao, yeye atarudi mchana.

Wao walikuwa ndugu wawili. Mkubwa aliitwa Masikio, kwa sababu gari likipita tu barabarani alikwambia ni beringi gani inayolia. Mdogo aliitwa Mdogo, ingawa kichwa kilishajaa mvi. Jina likishakuganda limekuganda.

Masikio hakuwa na la kufikiria. Alisema wakarabati, akaanza kupanga gia juu ya kitambaa.

Mdogo alikuwa na la kufikiria. Magari ya kisasa aliyashughulikia yeye. Kaka alibakiwa na haya ya kale tu, na sasa lilisalia hili moja la Mwalimu. Wakiweka giaboksi nyingine, kaka hana tena kazi humu gerejini. Wakikarabati, Mdogo haondoki ng'o kumfuata mkewe, na sababu yake alikuwa amemwambia mke huyo peke yake.

Mikono ya kaka ilikuwa inatetemeka. Ilianza kama mzaha. Washa, zile pete za chuma za kupangia shafti, ni nyembamba kama karatasi, na ukikosea moja tu meno yanasagana. Masikio alikuwa akikosea. Basi kila alipomaliza giaboksi akaenda kula, Mdogo aliifungua upesi upesi, akapanga washa upya, akapaka ukingoni mstari mwingine wa silikoni ya kuzuia oili isivuje, akaifunga, akajifanya anafagia. Alidhani anafunika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu akapiga kambi.

Mkewe alishahamia mji mwingine kikazi, na huko kulikuwa na gereji iliyomtaka Mdogo. Kila alipopiga simu alijibiwa, likiisha gari hili nakuja. Likaisha hilo, likaja lingine. Asubuhi hii mke hakuuliza atakuja lini. Alisema tu kwamba amekitoa kile kitanda kikubwa, ameweka kidogo, chumba kipate nafasi.

Mdogo akapiga moyo konde. "Kaka, tuweke ile nyingine. La kuvunda halina ubani."

Masikio aliendelea kufuta gia yake. "Unadhani sijui?"

Mdogo akamuuliza anajua nini.

"Silikoni," Masikio alisema. "Mkono wangu hauwezi tena kupaka mstari ulionyooka. Lakini giaboksi ninazofunga mimi zikirudi hapa, mstari umenyooka kama rula. Nimejua siku nyingi."

Mdogo alishikwa na hasira. Kumbe muda wote aliokuwa akimvizia kaka aende kula, mwenzake alikuwa anatafuna polepole makusudi ili kumpa nafasi.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema ungeondoka." Masikio akaiweka gia chini, ikagonga meza kwa vile mkono ulivyotetemeka. "Kazi ikiisha na iishe, mdogo wangu. Mimi naogopa kubaki humu peke yangu."

Mdogo alitamani kaka angekuwa hajui. Asiyejua unaweza kumdanganya ukajiendea zako. Anayejua, na bado akakuomba, unampita wapi?

Mwalimu aliporudi aliwakuta wamesimama, kila mtu upande wake wa meza. Akauliza wameamuaje. Masikio, ambaye tangu zamani ndiye msemaji, aliinamisha kichwa. Mdogo akautazama mlango wa gereji. Ulikuwa wazi kabisa.

"Tunakarabati, Mwalimu," alisema.

Mwalimu akashukuru, akaenda zake amefurahi. Masikio akavuta stuli, akaketi, akamsukumia mdogo wake kopo la washa. Ilikuwa saa ya kula, lakini hakwenda. Hapakuwa tena na haja.

Simu ikalia mfukoni mwa Mdogo.

"Pokea," Masikio alisema. "Atakuwa shemeji."

"Mikono ina grisi," Mdogo akajibu.

Mikono yenyewe ilikuwa bado safi.