Tutachagulia Kwetu

Kongo, kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Huna kadi, hujulikani. Waandikishaji walipofika Goma, mimi na mume wangu Kamate, baba wa Angèle wetu, tulikuwa tumeshakimbia vita Bunagana na tunaishi chini ya turubai katika kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma. Wenzetu walipanga foleni. Kamate, kichwa kigumu tangu ujana, akakataa.

"Tukijiandikisha huku, ni sawa tumeacha kwetu," alisema. "Tungoje, Micheline. Batafika na Bunagana, tutachagulia kule."

Nikangoja naye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini yetu yalikuwa yanauma tayari. Waandikishaji hawakufika Bunagana. Kura zikapigwa, washindi wakaapishwa, na redioni mtu akasema kwamba penye demokrasia wageni huleta mitaji na uchumi hukua. Nilikuwa napembua maharagwe ya msaada. Sikusikia furaha wala uchungu.

Kweli, wageni wakaja. Walifungua kiwanda cha kahawa mtaa wa Mapendo, Goma, wakatafuta wanawake wa kuchambua. Nimechambua kahawa miaka kumi na minne. Punje mbovu naijua kwa kidole kabla ya jicho. Nilienda kwa miguu.

Msimamizi, Papa Julien, alitupa kila mmoja ungo wa majaribio. Nilimaliza wa kwanza. Akapekua punje zangu, hakupata mbovu hata moja.

"Mama, wewe ni fundi kabisa. Leta kadi nikuandike."

"Sina, papa. Kwetu habakuandikisha."

"Na hapa Goma?"

"Hapa tulikataa."

Akasema wenye kiwanda hawamwandiki mtu asiye na kadi, hata awe fundi namna gani. Nafasi yangu akapewa Perpétue, mwenzetu mwenye kadi, aliyemaliza wa mwisho.

Niliporudi, Kamate alikuwa amesimama nje ya turubai akinisubiri.

"Balikuambia nini?"

Ningesema ukweli, angejua ni yeye aliyeninyima kazi. Nyumba alishapoteza, na shamba pia. Alichobakiwa nacho ni lile neno lake, kwamba tutachagulia kwetu.

"Nafasi zilishajaa."

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tukimbie.

"Unaona? Hata tungejiandikisha, ingekuwa bure."

"Ni kweli, Papa Angèle."

Nilitafuta hasira moyoni, angalau kidogo, nimchukie hata kwa siku moja. Sikuipata.