Mpichi wa Abiria

Miche ya matufaa ambayo Vitus aliifuata Iringa ilifika nyumbani kabla ya maiti yake.

Ililetwa na mdogo wake, Marcelino, nyuma ya pikapu ya kuazima, imefunikwa turubai ili upepo usiichane majani. Gari la Vitus liligongwa na lori lililokatika breki, alipokuwa ameshaipita Makambako kuja Mbeya. Liliharibika hata mlango haukujulikana uko wapi, lakini miche iliyokuwa nyuma haikuvunjika hata kijitawi. Marcelino aliishusha, akaipanga ukutani, na alipomaliza akakaa chini katikati yake akalia.

"Nimeshindwa kuiacha pale barabarani, shemeji," akasema. "Kaka asingenielewa."

Vitus alikuwa fundi umeme, lakini aliyetaka kumjua vizuri asingemwangalia kazini. Angemfuata nyuma ya nyumba yao pale Iganzo, chini ya mlima Loleza, kwenye kipande cha ardhi ambacho wengine wangejengea vyumba vya wapangaji. Hapo palikuwa na parachichi, plamu, matunda damu, na pasheni iliyotambaa juu ya uzio mpaka kwa jirani. Hakuuza hata tunda moja. Aligawa tu, kisha akauliza lilikuwa na ladha gani, kwa hamu ya mzazi anayeulizia maendeleo ya mwanawe shuleni. Mkewe, Tupokigwe, aliyekuwa na duka la ushonaji mtaa wa Soweto, alizoea kumtania kwamba laiti naye angekuwa mche, angalau angemwagiliwa jioni.

Siku ile ya msiba Tupokigwe aliiangalia ile miche bila kuiona, mpaka jicho lake liliponasa mmoja uliojitenga. Mingine yote ilikuwa kwenye viriba vyeusi vya kitaluni. Huu ulikuwa kwenye kopo kuukuu la rangi, na haukuwa mtufaa. Ulikuwa mpichi. Shina lake limefungwa kwenye kijiti kwa kipande cha kitenge, na kitenge chenyewe alikijua. Kilikuwa chake, mabaki ya gauni alilomshonea mteja dukani.

"Huu wa nani?"

Marcelino alitazama pembeni. "Kulikuwa na abiria, shemeji. Dada mmoja, kijana. Naye amefariki."

Hakuna aliyemjua. Hakukutwa na kitambulisho, na simu yake ilisagika. Walimtangaza redioni, wakamweka mochwari, na ndugu hawakutokea. Hatimaye halmashauri ikamzika Makambako. Vitus alizikwa Mbeya na umati wa watu, na katikati ya umati huo wanawake waliongea kwa sauti za chini zilizosikika vizuri tu. Mama Ezron, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimshika Tupokigwe mkono na kumwambia, "Pole mama Lusekelo. Wanaume na safari zao, tuwaachie Mungu."

Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Msiba ulipokwisha na binti yao Lusekelo aliporudi chuoni Dodoma, Tupokigwe alipanda matufaa yote kwa uangalifu, palepale Vitus alipokuwa ameshachimba mashimo. Ule mpichi aliuchomeka pembeni, kwenye kona ya kumwagia maji ya kufulia, ufe wenyewe.

Haukufa. Uliipita mitufaa kwa urefu, ukaupita ukuta. Na mwaka wa pili, Juni, baridi ya Mbeya ilipokuwa imeyakausha majani ya kila kitu, Tupokigwe alifungua dirisha la jikoni asubuhi akaukuta umechanua wote, waridi tupu ndani ya ukungu.

Chini yake alisimama mtu.

Alikuwa msichana, amempa mgongo. Alivaa sweta la kijani na kitenge kiunoni, na alikuwa ameinua uso kuyatazama maua. Tupokigwe alidhani ni mtu wa jirani aliyeruka ukuta. Akaita, "We dada!" Ukungu ukapita, na kona ikabaki na mti peke yake. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Tangu hapo hakuwa peke yake. Mbwa, aliyekuwa mkali kwa kila mgeni, alianza kushinda chini ya mpichi, kichwa kimeinuliwa na macho yamefumbwa, kama anayekunwa shingoni. Matunda yalipoanza kuanguka, Tupokigwe aliyakuta yamepangwa juu ya ukuta, mazima huku, yenye wadudu kule. Yalikuwa mapichi ambayo hajapata kuyaona, ngozi nyeupe kama maziwa na nyama nyekundu kuizunguka kokwa. Hakuyaonja. Aliyafukia.

Kisha mchana mmoja, akianika shuka, alisikia nyuma yake, karibu kabisa, "Kamwene."

Ndoo ilimponyoka. Hiyo ni salamu ya Kihehe, na nyumbani kwake aliyeitumia alikuwa mmoja tu. Kila jioni Vitus alimsalimia hivyo mlangoni, naye akajibu kwa Kinyakyusa chake, wakacheka. Aligeuka na moyo umemjaa furaha ya kijinga. Hapakuwa na Vitus. Na masikio yake yakaanza kumwambia kile ambacho moyo ulikuwa umekataa kusikia, kwamba sauti ile ilikuwa ya msichana.

Hasira iliyompanda hakuwahi kuijua. "Umemfuata njiani, umekufa naye, sasa umenifuata mpaka kwangu?" akasema kwa sauti. Akaingia stoo, akatoka na panga la Vitus, akaenda moja kwa moja kwenye kona.

Pigo la kwanza lilizama. Utomvu wa rangi ya asali ukachomoza polepole. Alipoinua panga tena alimwona, upande wa pili wa shina, jua likiwaka, amempa mgongo vilevile. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Ndivyo anavyosimama mtoto anayengoja kuchapwa.

Panga lilibaki juu. Tupokigwe ni mshonaji, na hata katika hofu jicho lake liliona kazi. Lile sweta halikutoka dukani. Lilifumwa kwa mkono, na kwenye kiwiko uzi wa kijani ulikuwa umeisha, aliyefuma akamalizia na wa kahawia. Kuna mtu alikaa chini akamfumia huyu. Mtu huyo yuko wapi?

"Unataka nini, mdogo wangu?" aliuliza. Hilo "mdogo wangu" lilimtoka bila kulipanga.

Msichana hakugeuka. Polepole mabega yakashuka, na kulikuwa na ukuta tu.

Asubuhi iliyofuata Tupokigwe alijaza kikapu mapichi, akapanda basi kwenda Iringa.

"Shemeji, unataka kumtafuta mtu kwa tunda?" Marcelino, aliyekuja kumpokea, alimuuliza stendi ya Iringa.

"Sina kingine."

Walizunguka sokoni, wakionyesha mapichi kwa wachuuzi. Wengi walitikisa kichwa, wengine waliyapapasa na kusema ni mazuri. Mwisho mama mmoja aliyeuza viazi alilikata moja kwa kisu, akatazama nyama yake nyekundu, akasema bila kusita, "Haya ya Kilolo. Ya kwa Blandina, kule juu msituni. Hakuna mwingine mwenye haya. Kwani ameanza kuuza?"

Walipanda Kilolo na pikapu ya kuazima, barabara ya udongo mwekundu katikati ya misitu ya misindano. Nyumba ya Blandina ilikuwa mwishoni kabisa, na kabla hawajamwona mwenyewe waliuona mti nyuma yake, mpichi mzee uliopinda, mama wa ule wa Iganzo bila ubishi. Blandina alikuwa mwanamke wa makamo anayeelekea uzeeni, mkavu, mwenye macho makali. Aliwakaribisha, akawapa viti, akakaa kwenye kigoda. Tupokigwe akaweka kikapu miguuni pake.

Mama yule aliyatazama matunda kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mti umezaa," alisema hatimaye. "Amewatuma ninyi? Miaka yote hiyo hata simu, leo anatuma matunda. Mwambieni Joyness nimeyapokea. Akitaka msamaha aje mwenyewe kwa miguu yake."

Marcelino alijikohoza. Tupokigwe akashuka kwenye kiti, akakaa chini karibu na kigoda.

"Mama, hakututuma. Joyness alivaa sweta la kijani?"

"Nilimfumia mimi."

"Kiwiko kimoja kina uzi wa kahawia."

"Wa kijani uliniishia." Blandina aliinua uso. Alimsoma Tupokigwe, kisha akamsoma Marcelino, na ukali wote ukamtoka machoni. "Semeni," akasema.

Tupokigwe alimweleza, kuanzia lori mpaka kaburi la halmashauri. Blandina hakupiga yowe. Alishika pichi moja, akawa analigeuzageuza mkononi.

"Aliondoka tumegombana," alisema. "Rafiki yake alimwita Makongolosi, huko Mbeya, kwenye machimbo ya dhahabu, wauze chakula. Nilikataa. Alipoondoka hata hivyo nilimpa mche, nikamwambia, basi kumbuka hata huu kama mimi utanisahau. Alipofika Ipogolo, barabara kuu, akanipigia. Mama, nimepata lifti, baba mmoja ana miche nyuma ya gari. Kasema mche wangu umekaa vibaya utavunjika, kaufunga upya na kitambaa cha mkewe. Kasema mkewe ni fundi nguo, na hapendi achelewe chakula. Alikuwa anacheka. Mimi nikamkatia simu, maana nilikuwa bado na hasira." Alilirudisha pichi kikapuni. "Rafiki yake aliponiambia hajafika, nikajua wananificha. Nikasema ameolewa huko, amenitupa. Kanisani nimesema hivyo, kisimani nimesema hivyo. Nimekuwa namlaumu marehemu, mwanangu. Kila siku iendayo kwa Mungu."

Tupokigwe alikikumbuka chakula alichomwandalia Vitus siku ile, ambacho hakuwahi kukila. Alilaza kichwa magotini kwa mama asiyemjua, wakalia kila mtu wake.

Waliondoka pamoja kesho yake. Makambako walionyeshwa kaburi, tuta dogo kati ya matuta, lenye kibao cha namba. Blandina alilipiga-piga kwa kiganja kama anayemlaza mtoto, akazungumza Kihehe, na Marcelino akasogea mbali asisikie. Walipofika Iganzo, mama alienda moja kwa moja kwenye kona, hata mzigo hajatua. Aliona jeraha la panga kwenye shina. Hakuuliza. Alichota matope, akalipaka, akalifunga.

Alisema atakaa mpaka Jumapili. Jumapili ilipita, ikapita nyingine. Kila alfajiri alibeba kigoda, akakaa chini ya mpichi na blanketi mabegani, akingoja. Mama Ezron alichungulia juu ya ukuta akauliza mgeni ni nani, na Tupokigwe akamjibu bila kupunguza sauti, "Ni mama wa yule abiria." Mama Ezron alishuka ukutani.

Lakini Joyness hakuja. Mbwa alirudi kulala getini, na matunda yalioza pale yalipoangukia. Dirisha la jikoni likawa dirisha tu. Tupokigwe alijishangaa kwamba anaumia. Na ndipo wazo ambalo alilikimbia muda wote likamkamata, akiwa na sufuria mkononi. Katika asubuhi zote zile za ukungu, ndani ya bustani aliyoipanda kwa mikono yake, Vitus hakuwahi kuja. Hata mara moja. Mgeni alikuja, mwenye nyumba hakuja. Aliweka sufuria chini, akaita jina lake kwa sauti ndogo. Bomba lilidondosha tone kwenye karai.

Nje, Blandina alikuwa akimsikiliza.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema. Tupokigwe alitoka na chai. "Niambie tena. Alisimama wapi?"

"Hapo ulipo, mama."

"Ameshika nini?"

"Hakushika kitu. Alikuwa anaangalia maua."

Kila siku aliuliza hivyo, na kila siku akajibiwa hivyo. Leo mama aliongeza swali, akiitazama chai yake badala ya kumtazama mwenziwe.

"Na uso wake? Yule mtoto aliungua na uji akiwa mdogo, hapa shavuni. Kovu lake bado lilionekana?"

Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka Loleza, ukizamisha matufaa, mti baada ya mti. Tupokigwe hakuwahi kuuona ule uso. Mgongo tu, na mabega.

"Lilionekana," akasema. "Kwa mbali sana. Lilikuwa limefifia."

"Limefifia," alirudia Blandina. Pumzi ndefu ikamtoka, na kitu kinachokaribia tabasamu kikapita mdomoni mwake. "Nilimpaka asali mwaka mzima. Nilijua tu litafifia."

Akanywa chai yake yote. Kisha akasimama, akaomba mkasi wa kupogolea, akasema hayo matufaa yameachwa bila kukatwa muda mrefu mno, na kwa hali hii hayatazaa kamwe. Tupokigwe alienda stoo kuutafuta. Alipotoka, ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Alimsikia mama akizungumza Kihehe ndani ya ukungu, akinyamaza, akizungumza tena, kwa mapumziko ya mtu anayemsikiliza mwingine. Alisimama na mkasi mkononi, na kwa muda mrefu hakujua kama aingie ukunguni au angoje.